Eti "umeshakimaliza": mwezi wangu na programu ya kuazima vitabu

Niseme mapema kwamba naandika haya nikiwa bado na hasira. Zikipoa huenda nikarudi kurekebisha. Au nisirudi.

Kama mwezi hivi uliopita niliamua kusoma riwaya za fantasia na za sayansi ya kubuni peke yake, nyingine mpya, nyingi za kurudia. Vitabu vyenyewe ni vinene kama matofali, kwa hiyo nikajiunga na huduma moja ya kuazima vitabu kwenye simu, ile ya kulipa kila mwezi. Jina silitaji. Wanaoitumia wataitambua tu.

Siku za mwanzo nilikuwa naisifia kwa kila anayenisikiliza. Nilianza na The Lord of the Rings, juzuu zote tatu, na zile nyimbo nilizokuwa naziruka zamani safari hii nikazisoma moja moja, nyingine nikajikuta naziimba kwa sauti ya chini. Taa imezimwa, simu mkononi, hakuna wa kukusonya kwamba unamnyima usingizi. Ungeniuliza wiki ile ningetoa nyota tano, na ya sita ningeichora mwenyewe.

Halafu nikafungua Dune.

Hii naisoma kwa mara ya tatu. Nyuma kabisa ina orodha ndefu ya maneno na maana zake, maana Frank Herbert alijaza humo msamiati wa kila namna. Mengi sisi wa Kiswahili tunayapata bure: mahdi, jihadi, hata Lisan al-Gaib, ambalo ukishajua "lisani" na "ghaibu" unalinusa kabla hujaelezwa. Lakini kanly? Hilo lilikuwa limenitoka. Nikagusa, nikapelekwa nyuma, nikasoma kwamba ni uhasama rasmi kati ya koo, wenye kanuni zake. Vizuri. Nikabonyeza kurudi nilikokuwa.

Hakukuwa na pa kurudi. Vikaratasi vya rangi vikamwagika kwenye kioo, "Hongera! Umemaliza kitabu!", na Dune ikajirudisha yenyewe maktaba bila hata kuniuliza. Nilikuwa sijafika hata robo! Kumbe programu ikikuona kwenye kurasa za mwisho inahesabu umemaliza, inakipokonya kitabu ili upate nafasi ya kuazima kingine. Nikakiazima upya mbiombio. Kikaja kitupu. Mistari niliyoipaka rangi, maneno niliyoyaandika pembeni, kazi ya siku kadhaa, vyote vimekwenda na maji.

Haya, tuseme hilo ni hitilafu. Mashine ni mashine. Lililonichoma ni binadamu.

Niliandikia huduma kwa wateja kwa upole kabisa, nikaeleza, nikaambatanisha na picha. Baada ya kusubiri sana nikajibiwa: "Mpendwa mteja, kumbukumbu zetu zinaonyesha kitabu hiki umeshakimaliza." Nikasema hapana, nilikwenda kutazama maana ya neno moja. Akasema kumbukumbu zinaonyesha pia nilishakimaliza mwaka jana. Ni kweli, nikamwambia, nakirudia. Akanyamaza kidogo, zile nukta tatu zikawa zinacheza, zinacheza, kisha: "Kuna sababu gani ya kurudia kitabu ambacho mwisho wake unaujua? Tunakushauri ujaribu kitu kipya 😊"

Ile sura ya kucheka! Nimeitazama mara ngapi sijui.

Nikaanza kumwandikia jibu refu. Kabla sijalituma, mazungumzo yakafungwa, nikaulizwa kama nimeridhika. Basi jibu lake ni hili hapa, alisome akipata nafasi.

Ndugu yangu, mwisho wa Dune si siri ya kulindwa. Hujaingia mbali kitabuni, maadui wanakaa chini wanamtaja kwa jina daktari atakayewasaliti akina Atreides, ukoo wa shujaa wetu. Na zile dondoo za Binti Irulan zinazofungua kila sura, ambazo nilipokuwa mdogo niliziruka kama matangazo, zinazungumzia mambo ambayo bado hayajatokea. Herbert mwenyewe amekuharibia uhondo kwa makusudi, akijua utaendelea kusoma huku roho iko juu. Octavia Butler katika Kindred, ya mwaka 1979, hakungoja hata hapo: sentensi ya kwanza kabisa msimulizi anakwambia amepoteza mkono. Unaujua mwisho, na bado kila anaporudishwa enzi za utumwa unautazama mkono ule.

Na The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin? Mara ya kwanza nilimchukia Estraven. Nilimwona ndumilakuwili, kwa sababu Genly Ai, mjumbe anayesimulia, ndivyo anavyomwona, nami nikamwamini Ai kama mtoto. Mwezi huu nikarudia. Lo! Estraven yuko upande wake tangu sura ya kwanza, anasema wazi kadiri adabu za Gethen, sayari yao, zinavyomruhusu, na Ai hasikii, na mimi nilikuwa sisikii. Nilifunga simu nikakaa gizani nikiona aibu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Hicho kitabu nilikisoma mara ya kwanza mwaka gani vile? Haidhuru. Kwa kumbukumbu zenu, "nimeshakimaliza".

Muad'Dib, jina analopewa shujaa wa Dune, kwa taarifa yake, lina mzizi mmoja na neno letu adabu. Angefika kwenye ile orodha ya maneno huenda angejifunza kitu.

Najua mtaniambia nakuza mambo. Lakini mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za 1984 ya George Orwell kwenye Kindle, vile vifaa vyake vya kusomea vitabu, za watu waliokuwa wameshazinunua, na mwanafunzi mmoja akapoteza matumizi ya maandishi aliyokuwa ameyaandika juu yake. Baadaye kampuni iliomba radhi. Mimi sijaombwa radhi. Nimepewa kisura cha kucheka.

Kwa hiyo nyota moja. Nilitaka kutotoa hata hiyo, ila mfumo hauruhusu.

Ingawa, kusema haki, maktaba yao ina vitu ambavyo sijaviona kwingine, na maandishi yanakuzwa mpaka macho yangu yanafurahi. Bila wao nisingerudi Gethen mwezi huu. Basi mbili. Hata tatu, kama watamwondoa yule mtu. Hapana, nikikumbuka "kuna sababu gani" narudi moja, na ibaki hapo.

Nilishaazimia kujitoa. Jana nikafungua ili nifute akaunti, nikaona Dune iko pale pale, nikasema nimalizie ukurasa mmoja. Kidole kikateleza juu ya neno. Vikaratasi vya rangi.

Asubuhi nikaletewa taarifa ya mwezi: "Wewe ni msomaji hodari! Umemaliza vitabu 9." Vinne kati ya hivyo ni Dune, na bado sijafika jangwani.