EnergyPlus kwa nyumba za Lubumbashi: uzoefu wangu

Nachora ramani za nyumba hapa Lubumbashi, na wateja hawaachi kuniuliza habari za kiyoyozi: ninunue cha nguvu gani, kitakula umeme kiasi gani? Mafundi wengi hupima ukubwa wa chumba, basi. Mimi natumia EnergyPlus, programu ya bure ya Wizara ya Nishati ya Marekani inayokadiria joto la ndani ya jengo na umeme litakaotumia, na sirudi nyuma.

Uzuri wake ni kupiga hesabu saa kwa saa, saa zote 8,760 za mwaka. Zamani nilitumia wastani wa joto la siku, na wastani unadanganya kuhusu mji huu. Mwezi wa saba usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10, mchana joto hupanda hadi 25 hivi. Kwa wastani utadhani watu wanahitaji hita kutwa nzima, kumbe saa saba mchana wamefungua madirisha, na kuta za matofali ya kuchoma zinatunza joto hilo hadi jioni.

Chukua duka moja la dawa kule Kampemba, mabati matupu bila dari. Fundi alishapendekeza kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Ripoti ya EnergyPlus ilionyesha joto jingi linaingia kwa juu, wala si madirishani. Na kweli, mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linatupita utosini. Nilipoongeza dari na tabaka la kuzuia joto, cha BTU 12,000 kilitosha. Mwenye duka akajenga dari kwanza. Nilifurahi mno.

Ugumu upo. Haina sehemu ya kuchorea, hivyo nachorea OpenStudio, programu nyingine inayofanya kazi nayo, na kila kitu ni Kiingereza. Ukihariri kwa mkono faili la IDF, lile lenye maelezo ya jengo, koma moja ikikosekana kazi inakwama. Anza kusoma eplusout.err, faili la makosa na maonyo, kabla ya matokeo. Tena programu hudhani umeme upo muda wote. Saa za kukatika uziandike mwenyewe kwenye ratiba, pamoja na kiasi cha hewa inayopenya kwenye madirisha yasiyofunga vizuri. Ukiacha hayo, hesabu ya Lubumbashi haijakamilika.

Ukishaipakua pamoja na faili la hali ya hewa, haihitaji intaneti, na kompyuta ya kawaida inaimudu. Hata asiye na kiyoyozi namfanyia hesabu: inatoa joto la ndani la kila saa, na hapo naona chumba cha watoto kitakuwaje saa kumi alfajiri mwezi wa sita.