Kadi inasema 1973, injini inasema 1969: uzoefu wangu na huduma ya kutafuta mwaka wa Triumph ya baba

Pikipiki ya marehemu baba, Triumph ya cc 650, ilikaa miaka mingi bandani kule Kibosho, imeegemea mashine ya kumenyea kahawa. Mwaka jana niliishusha Moshi mjini kwa fundi wa Pasua. Kadi ya usajili inaonyesha imetengenezwa 1973, nami kwa kuiamini nikaagiza oilsili (mipira ya kuzuia oili isivuje) za shokapu za mbele za mwaka huo kutoka Uingereza. Zilipofika, hazikuingia. Fundi alizigeuzageuza, akanirudishia mkononi. "Bosi, hizi si za pikipiki hii."

Kumbe kuanzia toleo la 1971 Triumph walibadilisha 650 karibu yote: shokapu mpya, breki mpya, hata oili ya injini ikahamia ndani ya fremu. Ya baba ina tangi lake la oili pembeni, chini ya kiti. Tangi hilo nimelijua tangu utoto, na bado nilikuwa nimeamini karatasi.

Basi tukaenda kwenye chuma. Namba ya injini iko upande wa kushoto, kwenye kibao kidogo kilichoinuka chini ya silinda. Kijana wa gereji alikuja na msasa, nikamshika mkono. Kwenye injini za miaka ile kibao hicho kimegongwa nembo ndogondogo za Triumph, ili mtu akisaga na kugonga namba nyingine ijulikane. Ukipitisha msasa unafuta ushahidi wako mwenyewe. Tulitumia mafuta ya taa na mswaki uliochakaa, asubuhi nzima, kisha nikapaka chaki na kufuta juu kwa kidole. Unga ukabaki ndani ya maandishi: HD, tarakimu tano, na TR6, yaani Trophy, ile ya kabureta moja.

Herufi mbili za mwanzo ndizo zenye siri. Ya kwanza ni mwezi: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Ya pili ni mwaka wa toleo: C ni 1969, D 1970, E 1971, G 1972, H 1973, na kuendelea. Majedwali haya yapo bure mtandaoni. Kwa hiyo nikajiambia, Julai 1970, kazi imekwisha.

Lakini nilitaka uhakika wa maandishi, kwa sababu nataka kuomba kadi isahihishwe. Nikaandikia klabu moja ya Uingereza inayotoa vyeti vya mwaka kwa kutazama daftari za Meriden, kiwanda cha Triumph. Nililipa pesa inayokaribia bei ya tairi. Jibu la kwanza lilinikera: walitaka picha nyingine, tena ya injini na ya fremu, mwanga utoke ubavuni. Nilizima taa za gereji, nikalaza tochi ya simu sambamba na kibao. Ile H ikawa N. Kutu ilikuwa imejaza mstari wa mshazari.

ND: Oktoba, toleo la 1970. Na kwa kuwa toleo jipya lilianza kutengenezwa Agosti ya mwaka uliotangulia, hiyo ni Oktoba 1969. Herufi moja iliyosomwa vibaya ilinipeleka miezi tisa mbele. Nawashukuru kwa ukali wao.

Cheti kilichukua wiki tano kufika kwenye sanduku la posta. Kinasema namba ya fremu, ile ya shingoni karibu na usukani, ni ileile ya injini, kama kiwanda kilivyozitoa wakati ule, na kwamba ilisafirishwa Novemba 1969 kwa wakala wa Nairobi. Nilimsomea mama, maana yote ni Kiingereza. Akasema, "Baba yako aliinunua mwaka ule serikali ilipochukua mashamba ya walowezi. Meneja mmoja alikuwa anaondoka." Ndiyo 1973 yenyewe. Kadi iliandika mwaka pikipiki ilipoingia mikononi mwa baba.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni injini. Kwa miaka ndugu walisema injini ya asili iliibwa gereji na kuwekwa nyingine. Sivyo. Ni ileile.

Kama unachotaka ni vipuri tu, jedwali la bure linatosha, ila piga picha ya namba kwa mwanga wa ubavuni na umpe mtu wa pili asome. Kama una shida ya kadi, au unanunua na muuzaji anaapa kwamba kila kitu ni cha asili, cheti kina thamani yake, na ningelipa tena.

Oilsili za toleo la 1970 zilifika wiki iliyopita. Fundi aliziweka kwa vidole, bila nyundo.