Sahani mbili, Hatari! moja

Baba mdogo alipohama nyumba yake ya Kaloleni hapa Arusha alinikabidhi santuri kumi na kitu. Nyingi ni za dansi, na moja ilikuwa na jalada lililoliwa kona na mende: Hatari!, lebo ya RCA Victor, 1962, ya Henry Mancini, mtunzi Mmarekani wa muziki wa filamu. Nikaiweka kwenye gramafoni yake hiyohiyo, ile inayotaka kugongwa kidogo ubavuni kabla haijazunguka, na kwa muda wa miaka mitatu hivi nikaamini huo ndio muziki wenyewe unaosikika kwenye filamu ya Hatari! Kumbe sivyo. Nilikuja kununua muziki wenyewe baadaye, kwa pesa ambayo mke wangu hadi leo anaitaja kila ada ya shule inapokaribia.

Kwa ambaye hajaiona: Hatari! ni filamu ya mwongozaji Mmarekani Howard Hawks iliyopigwa huku kwetu, Tanganyika, kati ya mwishoni mwa 1960 na miezi ya mwanzo ya 1961, mashamba ya Momella chini ya Mlima Meru yakiwa ndiyo kambi. John Wayne na wenzake wanakamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Hawawapigi risasi. Wanawafukuza kwa magari na kuwanasa kwa kitanzi kilichofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu, na waigizaji waliifanya kazi hiyo kwa mikono yao wenyewe. Ilipofika kwenye sinema mwaka 1962 nchi ilikuwa imeshapandisha bendera yake. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger, mmoja wao, alipapenda mahali pale hata akarudi kununua shamba, na leo pana hoteli inayoitwa kwa jina la filamu. Hadithi yenyewe ni nyepesi, inachukua zaidi ya saa mbili na nusu, na mahaba yake ni ya kuvumilia tu. Muziki ndio ulionifunga.

Sasa kuhusu santuri. Kwenye jalada wameandika kwamba ni muziki kutoka filamu hii, na si uongo, ila si kile kilichopigwa kwa ajili ya filamu. Mancini alikuwa na mkataba na RCA, na desturi yake ilikuwa kurudi studio baada ya filamu kukamilika, achague nyimbo tamu, azipange upya ziwe na mwanzo na mwisho wa kupendeza, kisha azirekodi upya kwa ajili ya watu wa kusikiliza sebuleni. Kulikuwa pia na sababu ya hesabu: chama cha wanamuziki cha Marekani kilitaka wapigaji walipwe tena iwapo rekodi za filamu zitageuzwa kuwa santuri, kwa hiyo kuingia studio upya hakukuwa hasara kama mtu angedhani. Matokeo yake ni santuri nzuri sana, isiyo na filamu ndani yake. Vipande kama "Big Band Bwana" ni bendi kubwa ya matarumbeta ya kumbi za Marekani, na "Swahili Serenade", samahani, Uswahili wake umeishia kwenye jina. Baba mdogo alikuwa akikisikia anauliza, "Huyu Mswahili wa wapi?"

Kinachobaki na vumbi la kweli kwenye santuri ni kile kipande "The Sounds of Hatari", zaidi ya dakika sita za ngoma, manyanga na pembe za shaba zinazokuja kutoka mbali kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nakirudia hicho tu. Siku moja nikajiuliza: kama hiki ndicho walichokisafisha kwa ajili ya sebule, kile kisichosafishwa kinasikikaje?

Jibu lilitoka mwaka 2012. Intrada, lebo ndogo ya California ambayo kazi yake ni kufukua muziki wa filamu za zamani, walitoa kwa mara ya kwanza rekodi zenyewe za Hatari!, zile zilizopigwa huku picha ikiangaliwa. Lebo za namna hii hutoa nakala chache. Zikiisha zimeisha, unabaki kuwinda kwa wauzaji wa mitumba ya mtandaoni. Nami nilikuja kusikia habari hizo nimeshachelewa. Nikapata moja kwa mtu wa Ulaya, na pamoja na usafirishaji ikanitoka zaidi ya laki moja na nusu. Ikakaa njiani wiki saba. Ilipofika, kasha limepasuka katikati kama kioo cha simu, na kijitabu kimejikunja kwa unyevu. CD yenyewe ilikuwa nzima. Nilimwandikia muuzaji; akanipa pole, na habari ikaishia kwenye pole.

Nyumbani hatuna tena cha kuchezea CD. Nikaazima laptopu ya zamani ya shemeji, ile yenye mlango wa CD unaofungwa kwa selotepu, nikavaa hedifoni, nikasubiri watoto walale.

Mshtuko wa kwanza ni ufupi. Santuri inakupa wimbo kamili, unakaa nao, unaisha kwa adabu. Hapa kipande kinaanza, mnyama anakimbia, kipande kinakatika. Kingine hakifiki hata mahali pa kukitikisia kichwa. Usiku ule wa kwanza nilikasirika kidogo, nikaona nimeuziwa makombo. Usiku wa pili nikaiwasha filamu bila sauti na kuufuatisha muziki kwa mkono, nikisimamisha huku na kuanzisha kule, ndipo nikaelewa. Katika filamu lori linanguruma juu ya muziki muda wote, na watu wanapiga kelele. Ukiuondoa ule mngurumo unasikia Mancini akifanya kazi: ngoma zinaongeza mwendo kabla gari halijakata kona, tarumbeta zinaingia pale pembe ya faru inapofika kwenye bati, halafu anaacha kimya. Kimya chake ni kizuri kuliko sauti za wengine wengi. Ndicho kitu ambacho santuri isingeweza kunipa hata ningeizungusha miaka mingine kumi.

Mancini mwenyewe aliwahi kuandika, akikumbuka kazi zake, kwamba santuri hizo ziliuza nyimbo tamu na kuuacha nje muziki wa matukio. Nilipomsoma nilimwonea huruma. Watu wanamjua kwa mahaba na kwa vichekesho, na huku kwenye sanduku la studio kulikuwa na mtu mwingine kabisa, anayejua kutisha.

Na hapa kuna jambo la kwetu. Hawks aliporudi Marekani alibeba sanduku la vitu vya kupigia: ile ala ya vidole ambayo Wagogo wanaiita ilimba, vibuyu vya kuchezesha, na maganda makavu ya mti yenye urefu kama futi mbili, mbegu zikiwa bado ndani. Aliongeza na kanda za nyimbo za Wamasai. Mancini akavitumia. Sijui kama ni mti uleule, lakini maganda ya mkrismasi wa shuleni kwetu yalikuwa na urefu huohuo. Januari yakishakauka tulikuwa tunayachuma na kupigia gwaride, chaka-chaka-chaka, mpaka mwalimu wa zamu anayanyang'anya yote na kuyaweka juu ya kabati. Basi nimekaa na hedifoni usiku, natafuta maganda. Ukizoea sauti ile huikosi: ni kavu, haina mwangwi, na mbegu hazigongi zote pamoja, zinamwagika. Kwenye santuri yapo pia lakini yamekaa nyuma, kama wageni waliokosa viti. Kwenye rekodi za filamu nayasikia karibu na sikio. Ilimba nayo niliitafuta kwa bidii, mama yangu ni wa Kongwa, na sikuipata kila nilipoitarajia. Ilinisononesha kidogo. Ningekuwa na ala ile mkononi ningeiacha iongee peke yake angalau dakika moja.

Najua mnangoja habari za tembo.

"Baby Elephant Walk" mnaijua hata kama hamjui kwamba mnaijua. Mwigizaji Elsa Martinelli anawapeleka tembo wadogo kwenye maji, nao wanamfuata kwa mwendo ule wao wa makalio. Hawks alikuwa na picha hizo na hakujua azifanyie nini. Hazisogezi hadithi hata hatua moja. Akamwonyesha Mancini. Mancini akazirudia mara kadhaa, akaona kwamba wale watoto wanatembea bugi-wugi, ule mtindo wa zamani wa piano wa Kimarekani, mapigo manane kwa kila kipimo, basi akawaandikia bugi-wugi. Sauti ile ya filimbi ya kitoto ni kaliope ya umeme, jamaa wa vile vinanda vya sarakasi, na baada yake anakuja mpiga klarineti ndogo anayejifanya mlevi. Mpangilio huo ulimpatia tuzo ya Grammy mwaka 1963.

Hapo nitawakera wapenzi wenzangu wa matoleo marefu: kwa tembo, santuri inashinda. Kwenye filamu Mancini ni mtumishi wa picha, anawasubiri tembo wafike majini. Kwenye santuri hana wa kumsubiri, kila zamu inapata nafasi yake, na ule utani wa klarineti unaiva. Redio zilizoupiga wimbo huu wa santuri zilikuwa na haki. Nimejaribu kujilazimisha kuipenda ile ya filamu zaidi, kwa sababu ya ile laki na nusu. Nimeshindwa.

Kwa hiyo kama unaniuliza ununue ipi, anza na albamu ya 1962, ni rahisi kuipata na imetolewa tena kwa namna mbalimbali. Ukijikuta unaruka nyimbo za dansi ili urudi kwenye zile ngoma za "The Sounds of Hatari", wewe ni mgonjwa mwenzangu, ingia mtandaoni uwinde ya Intrada. Ukitaka muziki wa kuweka wageni wakija, usiinunue, watakuuliza kama mashine imeharibika. Na mwambie muuzaji aifunge vizuri.

Kitu kimoja cha kukilaumu kwenye aina hii yote ya matoleo, si hili tu: yanadhani msikilizaji anaikumbuka filamu. Jina la kipande linataja tukio, wewe huna tukio kichwani, unabaki na sekunde hamsini za tarumbeta zisizo na mwenyewe. Bila ule usiku wa kuifuatisha picha kwa mkono ningeiuza CD hii wiki hiyohiyo.

Jumapili iliyopita baba mdogo alikuja kula. Nikamwekea ya filamu kwenye spika ya simu, kufukuza twiga, kufukuza faru, yote. Alisikiliza huku anatafuna, kisha akanyamaza kwenye ile sehemu ya ngoma tupu na kuuliza kama hiyo ndiyo ile barabara ya Ngarenanyuki kabla haijachongwa. Nikamwambia huo ni muziki tu, baba. Akasema najua, lakini gari linaruka palepale. Kisha akaniomba nimtafutie gramafoni ilipo, nimwekee wale tembo, wenye mikwaruzo.