Waliuliza nani anakula zile pakiti: uzoefu wangu kwenye kliniki ya watoto, Kisumu

Nalea mtoto wa marehemu dadangu. Nakaa Nyalenda, nauza omena soko la Kibuye, na nyumbani kuna wengine watatu niliowazaa mwenyewe. Naandika haya kwa mlezi yeyote wa hapa Kisumu aliyeambiwa mtoto wake hana uzito na hajui pa kuanzia.

Mei mwaka jana nilimpeleka mtoto kliniki kwa chanjo ya surua ya miezi 18. Sista akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupima unene wa mkono. Ukasoma sentimita 11.3, upande wa nyekundu. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Mimi nilikuwa nimeshaiona nyekundu hiyo. Kwenye kituo nilichokuwa nikienda awali alipewa pakiti za karanga za kumrudishia uzito, wiki baada ya wiki, na uzito ukakataa kupanda. Siku moja wakaniambia mbele ya foleni nzima kwamba lazima nilikuwa naziuza. Nilitoka pale nikilia, na sikurudi.

Hapa mtoto alipewa kwanza pakiti moja ale palepale tukimtazama, kwa sababu mwenye nyekundu akishindwa kula hulazwa wodini. Alikula yote. Ndipo sista akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, pakiti zikifika nyumbani, zinaliwa na nani?"

Nikamwambia ukweli. Zinaliwa na wote wanne. Huwezi kufungua kitu kitamu namna ile umpe mmoja huku watatu wamesimama wanameza mate. Hakunigombeza. Aliandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto, akainuka, akanishika mkono hadi chumba cha mwisho cha varanda, kwa afisa wa ustawi wa jamii. Mwendo ule mfupi ndio ninaousifu kuliko chochote kingine. Ningepewa barua niende nayo kesho, nisingekwenda, maana kesho ni siku ya kutafuta unga.

Afisa ni mama wa makamo, mpole. Alinikalisha karibu nusu saa. Chakula huwa kinaisha lini? Kodi ya nyumba iko vipi? Nikiwa sokoni mtoto anabaki na nani? Ana cheti cha kuzaliwa? Kisha akauliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa hospitalini: biashara yenyewe inaendaje. Nikamweleza kwamba uvuvi wa omena hufungwa ziwani kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na miezi hiyo wengi wetu sokoni hula mtaji. Akafungua kijitabu akaangalia chati ya uzito. Mstari wa mtoto ulikuwa umeanza kuinama Aprili. Tukatazamana. Nilikuwa nimebeba chati hiyo kwenye mfuko muda wote huo na sikuwa nimeiona.

Wale watatu wakubwa wakapata unga wa uji kupitia kikundi cha kanisa jirani ambacho afisa alikipigia simu nikiwa nimeketi pale pale, na kuanzia siku hiyo pakiti zikabaki za mgonjwa. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wetu akaanza kupita kila Alhamisi na utepe wake. Nilikuwa nimewaona hawa tangu serikali ilipowakabidhi mikoba Septemba 2023, lakini nilidhani kazi yao ni kuandika majina tu. SHA, yaani bima ya afya ya serikali, nilisajiliwa hapo mezani kwa kubonyeza *147#. Nilikuwa naikwepa nikidhani lazima nilipe kwanza, kumbe kusajiliwa ni bure, na ukishasajiliwa unatibiwa zahanati au kituo cha afya hata kama hujaanza kuchanga. Michango inahitajika kwa hospitali kubwa.

Cheti cha kuzaliwa kilinitesa. Nilikuwa na ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa aliyopewa dadangu alipojifungua, na kibali cha mazishi yake, basi. Ofisi moja ilinirudisha mara tatu: leo barua ya chifu, kesho muhuri, kesho kutwa mtandao umelala. Kila safari ni siku ya soko iliyopotea. Mara ya nne afisa alinipa barua yake ya utambulisho na nikasikilizwa. Cheti nilikipata Septemba.

Kuhusu Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya msaada wa serikali, ambayo hutolewa pia kwa nyumba zinazolea yatima, bado sijapata kitu. Afisa alinipeleka kwa ofisi ya watoto, na alinieleza mapema, bila kupamba maneno, kwamba majina mapya huingia tu wakati usajili umefunguliwa. Nilimshukuru kwa hilo. Nimeahidiwa mambo mengi maishani na watu waliojua hayapo.

Nina malalamiko mawili. Mlango wa chumba kile ni pazia, na mambo ya nyumba ya mtu hayafai kusikika varandani. Nilimsikia mama aliyenitangulia akieleza anavyopigwa na mumewe, na foleni nzima ilisikia. Wawekewe mlango. Pili, afisa ni mmoja. Julai alikwenda likizo wiki tatu na hakuna aliyeshika kazi yake. Kwa mzazi mwenye shida ya haraka, wiki tatu ni nyingi mno.

Ukienda, beba kijitabu, kitambulisho chako, karatasi yoyote ya kuzaliwa kwa mtoto na, kama ni yatima, kibali cha mazishi au cheti cha kifo. Fika mapema. Wakikuuliza kuhusu pakiti, sema ukweli. Na kama kuna mtoto anayeumizwa, nambari 116 hupigwa bure, usiku na mchana.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano ni ya mlango.

Mtoto alitoka nyekundu mwisho wa Juni, na Agosti akaingia kijani. Alhamisi iliyopita mhamasishaji alimpima akasoma 13.8. Wangu wa miaka minne naye akanyoosha mkono apimwe, naye akapimwa.