Uzoefu wangu: kupanda Ol Doinyo Lengai usiku ili kuyawahi macheo

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kuongozwa usiku kupanda Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyoko kusini mwa Ziwa Natron katika Wilaya ya Ngorongoro, kwa lengo la kufika ukingoni mwa kreta, yaani shimo la volkano lililo juu ya mlima, kabla jua halijachomoza. Nilipanda mwezi wa Agosti pamoja na wafanyakazi wenzangu kutoka Arusha, tukiongozwa na vijana wawili wa Kimaasai wa kijiji cha Engare Sero. Naipendekeza huduma hii kwa moyo wote, ingawa haimfai kila mtu, na mawakala wa mjini wanaoinadi kama matembezi mepesi ya usiku mmoja hawawatendei haki wateja wao. Kwa maoni yangu, mpandaji wa mlima huu hulipia hasa busara ya kiongozi wake: kujua wapi pa kuongeza mwendo, wapi pa kusubiri, na ni nani anayepaswa kurudishwa chini kabla hajaumia.

Upandaji wa usiku una sababu mbili. Ya kwanza ni joto. Ziwa Natron liko takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ndani ya Bonde la Ufa, na mlima wenyewe, wenye kimo cha mita 2,962, hauna miti ya kivuli, hauna chemchemi wala kibanda cha kupumzikia. Ikifika saa nne asubuhi, majivu meupe ya mteremko yanarudisha mwanga na joto usoni kiasi kwamba kupanda kunakuwa mateso. Sababu ya pili haikuwa imeelezwa kwetu kabla ya safari, nami naiona ndiyo muhimu zaidi kwa anayeyafuata macheo: njia ya kawaida hupanda upande wa magharibi, kwa hiyo mlima wote unasimama kati yako na jua. Mtu akichelewa akiwa bado kwenye mteremko, hataliona jua likichomoza hata kama anga ni safi kabisa. Ataona tu mwanga ukienea ng'ambo ya bonde huku yeye akiwa bado gizani. Kwa hiyo safari yote inategemea kufika ukingoni kwa wakati, na wakati huo uko mikononi mwa kiongozi.

Safari ya gari kutoka Arusha hupitia Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha barabara huelekea kaskazini kupitia Engaruka, kwa sehemu kubwa katika vumbi na makorongo. Njiani kuna vituo vya kulipia ushuru, na hapa ndipo nilipopata sababu ya kulalamika. Wakala aliyetuuzia safari alituhakikishia kwamba ushuru wote umo ndani ya bei tuliyolipa, lakini katika kituo kimoja tuliombwa kulipa tena, na dereva hakuwa na stakabadhi yoyote ya kuonyesha. Tulilipa kwa sababu usiku ulikuwa unakaribia. Nawashauri wanaopanga safari hii wadai mchanganuo wa maandishi: ushuru wa kila kituo, malipo ya kiongozi, gari la kwenda na kurudi chini ya mlima, chakula na mahali pa kulala. Wakala anayekataa kuandika mambo hayo asipewe fedha.

Tulipofika kambini Engare Sero, mambo yalibadilika, na sifa zote zinazofuata ni za viongozi wenyewe. Kabla ya chakula cha jioni kiongozi mkuu alikagua viatu vyetu kimoja kimoja kwa kuvigeuza na kuvitazama soli, akawasha kila taa ya kichwani, kisha akahesabu chupa za maji. Mwenzetu mmoja alikuwa na raba zenye soli iliyolika. Kiongozi hakumwaibisha, ila alimweleza kwa utulivu kwamba hatapanda na viatu hivyo, akamtafutia vingine kijijini. Yeye mwenyewe alivaa katambuga na shuka, akiwa na fimbo moja, na nilipomtazama baadaye akitembea juu ya majivu yale magumu nilielewa kwamba ukali wake juu ya viatu vyetu ulitokana na kuijua miguu ya wageni. Alitutaka tubebe maji yasiyopungua lita tatu kila mmoja, glavu za kushikia mawe, suruali ndefu na jaketi la kuzuia upepo. Glavu zilinishangaza wakati ule. Saa chache baadaye zilikuwa kifaa nilichokithamini kuliko vyote, kwa sababu sehemu za juu hupandwa kwa mikono na miguu, na majivu yaliyoganda hukwaruza ngozi kama msasa.

Tuliondoka kambini kwa gari baada ya saa nne usiku, na tukaanza kutembea karibu saa tano na nusu. Mwanzo hupita kwenye nyasi ndefu na njia si kali sana. Hatari yake ni kwamba huwashawishi wenye nguvu kukimbia. Kiongozi alikaa mbele na hakuruhusu mtu yeyote kumpita. Baada ya nyasi njia huingia katika makorongo yaliyochongwa na maji ya mvua, na kuanzia hapo mlima huinuka bila kupumzisha, ukizidi kuwa mkali kadiri unavyopanda. Chini ya miguu kuna tabaka la majivu yaliyoshikana kama saruji, na juu yake changarawe zinazoteleza, hivyo kila hatua huhitaji kupigwa kwa uthabiti kabla ya kuhamishia uzito wa mwili. Giza lina msaada wake katika sehemu hii, kwa kuwa taa huonyesha hatua mbili tatu tu za mbele na mtu hauoni ukuta unaomsubiri. Nilipoinua taa kutafuta kilele, kiongozi aliniambia, "Usitazame juu, dada. Tazama visigino vyangu." Nilimtii, na pumzi yangu ikatulia.

Mapumziko yalikuwa mafupi na ya mara kwa mara. Hakuruhusu mtu akae kwa muda mrefu, akisema kwamba jasho likipoa mwilini mtu hupoteza nguvu nyingi kuliko anazopata kwa kukaa. Kila tuliposimama alizungumza na yule kiongozi wa nyuma kwa Kimaasai, kisha akapita kwa kila mmoja kuuliza hali yake, na hakuridhika na jibu la mkato. Ni kwa njia hiyo aligundua kwamba mama mmoja wa kundi letu, aliyekuwa akisema yuko salama, magoti yake yalikuwa yameanza kutetemeka. Alikaa naye kando, akamwambia, "Mama, kupanda unaweza kumaliza. Ninachokiogopa ni kushuka." Mama yule alikubali, na kiongozi wa pili akamrudisha taratibu hadi kwenye gari, ambako dereva alikuwa akisubiri na chai. Nililitazama tukio hilo kama kipimo halisi cha huduma. Kundi lenye kiongozi mmoja lingelazimika kuchagua kati ya kumrudisha mtu mmoja pamoja na wote au kumburuta hadi juu, na mlimani hapo hakuna kituo cha uokoaji cha kuita. Kwa hiyo hata kama kundi lenu ni la watu watatu tu, lipieni viongozi wawili.

Tulikaribia kreta kukiwa bado giza. Huko juu harufu ya salfa huanza kusikika, na katika nyufa za miamba hutoka mvuke wa uvuguvugu. Kiongozi alitusimamisha nyuma ya miamba mikubwa iliyokinga upepo na akatuweka hapo karibu nusu saa, ingawa baadhi yetu tulikuwa na hamu ya kuendelea. Sababu yake ilionekana mara tulipotoka: ukingo ni mwembamba, upepo wake ni mkali na wa baridi inayochoma masikio, na hakuna pa kujificha. Aliyefika mapema mno angeyangoja macheo akitetemeka pembeni ya shimo, na mtu anayetetemeka hasimami vizuri. Tulitoka pale mstari mwekundu ulipoanza kuonekana mashariki, tukapanda kipande cha mwisho, na tulikuwa tumeketi ukingoni kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Jua lilichomoza upande wa Kilimanjaro, ambao kutoka pale huonekana kwa mbali kama bega la kijivu juu ya ukungu, na karibu zaidi ilijitokeza milima ya Gelai na Kitumbeine. Kaskazini Ziwa Natron lilibadilika kutoka rangi ya risasi na kuwa waridi hafifu. Lakini kilichonigusa kuliko vyote kilikuwa nyuma yetu. Kivuli cha mlima kilitandazwa magharibi hadi kwenye kuta za Bonde la Ufa, pembetatu kamili yenye ncha iliyonyooka, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo kilivyojikunja taratibu kuelekea miguuni petu. Kiongozi alitugeuza tukitazame, maana wageni wengi, alisema, hulikodolea jua na kukikosa. Namshukuru kwa hilo. Kwa Wamaasai huu ni mlima wa Mungu, watu huuendea kwa maombi, na yeye alituomba tukae kimya kwa dakika chache kabla ya kuanza kupiga picha. Hakuna aliyeona ombi hilo kuwa zito.

Kreta nayo inastahili kuelezwa, kwa kuwa picha za zamani zinaweza kumpotosha mteja. Kabla ya mlipuko mkubwa ulioanza Septemba 2007, baada ya matetemeko ya Julai mwaka huohuo yaliyosikika hadi Nairobi, kreta ya kaskazini ilikuwa imejaa lava na wapandaji waliweza kutembea juu ya sakafu yake. Mlipuko ule uliendelea hadi 2008 na kuacha shimo refu lenye kuta wima, na sasa mtu hutazama kutoka ukingoni tu. Lava ya mlima huu ni ya aina ya pekee: ina wingi wa kaboneti za sodiamu na potasiamu, jamaa ya magadi tunayoyajua jikoni, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, takriban nusu ya joto la lava za kawaida. Hutoka ikiwa nyeusi na nyepesi kama mafuta machafu ya gari, kisha ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Weupe unaodhaniwa na wengi kuwa theluji mlima unapoonekana kutoka mbali unatokana na hilo. Kiongozi alitueleza sehemu kubwa ya mambo haya kwa Kiswahili fasaha, na alituzuia kwa mkono kila tulipotaka kusogelea ukingo, ambao kwa chini umeliwa na hauna uthabiti.

Kushuka ndiko kugumu zaidi, na wakala yeyote asiyelisema hilo kabla ya kupokea fedha ana lawama. Mteremko ambao giza liliuficha sasa huonekana wote, vidole vya miguu husukumwa mbele ndani ya viatu, na magoti hubeba uzito wa mwili kwa saa nne au zaidi bila nafuu. Kiongozi alitufundisha kushuka ubavu, hatua fupi, kisigino kikizama kwanza, na kumpa fimbo mtu aliyeogopa. Kwenye makorongo mawili alisimama chini yetu na kuupokea kila mguu kwa kiganja chake. Tulifika kwenye gari kabla ya saa tano asubuhi, jua likiwa tayari kali, na maji ya karibu kila mtu yakiwa yamekwisha.

Jambo ambalo ningependa kuliona likirekebishwa ni mgawanyo wa malipo. Viongozi hawa ndio wanaobeba uzito wote wa kazi, lakini kutokana na mazungumzo yetu nilielewa kwamba sehemu ndogo tu ya bei inayolipwa mjini huwafikia. Anayeweza kujitafutia usafiri hadi Engare Sero na kupangia kiongozi wake kijijini atalipa kwa uwazi zaidi, na fedha itabaki kwa wanaostahili. Bahashishi nayo itolewe mkononi mwa kila kiongozi, hasa yule wa pili aliyerudi na mgonjwa na kuyakosa macheo.

Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo inayofaa. Wakati wa masika majivu huteleza na mawingu huficha kila kitu. Mwenye matatizo ya magoti, moyo au kizunguzungu cha kimo asijaribu, na watoto wasipelekwe. Anayetamani macheo ya mlimani bila ukali wa namna hii naona atafute Mlima Meru katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako kuna vibanda vya kulala na askari wa hifadhi mwenye bunduki hufuatana na wapandaji kwa sababu ya nyati. Akilala kibanda cha Saddle anaweza kuishia Meru Ndogo, yenye mita 3,820, alfajiri akaliona jua likitokea upande wa Kilimanjaro. Huko ni safari ya siku kadhaa na ada za hifadhi ni kubwa zaidi. Kwa mwenye usiku mmoja, miguu imara na kiongozi wa Engare Sero, Lengai inatosha, nami nimeshawaandikisha ndugu zangu wawili kwa Agosti ijayo, safari hii moja kwa moja na viongozi wa kijijini.