Mafuta ya kivumbasi kutoka Moshi: chupa mbili, lebo moja, harufu mbili

Kwa wanaoulizia yale mafuta ya kivumbasi cha porini yanayouzwa Moshi mjini kwenye vichupa vya kahawia: nimeyatumia, na kwa sehemu kubwa nimeyapenda. Shilingi 12,000 kwa mililita 10 si hela ndogo, ila mali si ya kuchakachua. Nilidondosha tone kwenye karatasi nyeupe nikaiacha mezani. Kufika jioni lilikuwa limeruka lote. Yangekuwa yamechanganywa na mafuta ya kula, doa lingebaki.

Tatizo lilianza na chupa ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa kafuri tupu, unanusa mara moja pua inafunguka. Niliiweka kwenye friji, chini zikajitengeneza chembe nyeupe kama sindano. Ndiyo kafuri hiyo inaganda, na imejaa kwenye kile kivumbasi kilichopewa jina la mlima wetu, Ocimum kilimandscharicum. Jirani yangu, mtu wa Tanga, ambako kafuri hutiwa maiti, alinusa akarudi nyuma: "Shoga, harufu ya maiti hii unaifukiza chumbani?"

Ya pili, lebo ileile, inanukia karafuu. Ukifumba macho uko kwa daktari wa meno. Hapo kinachonukia ni yujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, ambayo hata hao madaktari wanaitumia. Inapatikana kwa wingi kwenye kivumbasi kingine, Ocimum gratissimum. Nacho hakieleweki: kuna mimea ya aina hiyohiyo inayotoa zaidi kemikali nyingine, thaimoli, na kwa macho huitofautishi.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "Dada, zote kivumbasi hizo."

Sawa, lakini matumizi hayafanani. Yujenoli bila kuchanganywa inawasha ngozi. Kafuri mtoto akiimeza inaweza kumletea degedege. Marekani dawa ya kupaka hairuhusiwi kuzidi asilimia 11 ya kafuri, na huku lebo haina hata neno "watoto". Sidai kila pipa lipimwe maabara kwa kromatografia ya gesi, kile kipimo cha kutenganisha kemikali zilizomo, mjasiriamali mdogo atatoa wapi hela hiyo? Lakini pua si anayo? Atenganishe, aandike ni mmea upi.

Nyota 3 kati ya 5. Mkienda, nuseni kabla ya kulipa.

Na mbu, maana ndilo swali la wengi: wanakaa mbali kidogo, harufu ikiisha wanarudi. Chandarua sijakitoa.