Asidi au RNA: nini hurefusha seli ya mmea?

Kata kipande cha shina changa la soya, kitie kwenye maji yenye homoni ya oksini. Baada ya dakika kama 10 hivi kinaanza kurefuka.

Wa kwanza kudai sifa ni asidi. Pampu za utando wa seli husukuma nje protoni, chembe zinazoleta asidi, kisha protini za ekspansini huulegeza ukuta wa seli, na shinikizo la maji ya ndani huutanua. Kweli, asidi peke yake hurefusha kipande upesi. Ila mbio hizo huishia njiani, wakati oksini huendelea kwa saa nyingi.

Upande wa RNA, yaani nakala za jeni ambazo seli hutumia kutengeneza protini, naupa uzito zaidi. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba aktinomaisini D, dawa inayozuia utengenezaji wa RNA, huzima pia urefukaji huo. Wapinzani walishikilia kwamba RNA huchelewa mno. Mwaka 1987 hoja hiyo ikapwaya: RNA za SAUR, kundi la jeni zinazoamshwa haraka na oksini, zilionekana kuongezeka kwenye soya ndani ya dakika chache tu, kabla kipande hakijaanza kurefuka. Na protini zinazotokana na RNA hizo hufanya nini? SAUR19 ya mmea wa Arabidopsis, kwa mfano, huzuia vimeng'enya vinavyoizima pampu ileile ya protoni ambayo watetezi wa asidi waliitegemea.